Stori za kihistoria za watoto: yenye mtoto wa kubuni, yenye shujaa mwenyewe, au yenye nchi isiyokuwepo, ipi umnunulie?

Mtoto wa dada yangu yuko darasa la tano na mwaka jana alikosa swali la historia kwa sababu yangu mimi. Swali lilitaka ataje watu watatu waliopambana na Wajerumani huku kwetu, akaandika Mkwawa, akaandika Kinjikitile, alafu wa tatu akaandika jina la kasichana fulani kalikokuwa kanapeleka ujumbe wa siri usiku ndani ya ngome ya Kalenga. Kosa, wino mwekundu. Na kasichana kenyewe kametoka kwenye kitabu nilichomnunulia mimi kwa hela yangu, tena nilivyokuwa najisifu kwamba mimi ndo mjomba anayeleta vitabu wengine wanaleta pipi.

Akanipigia kwa simu ya mama yake. "Mjomba, kwani yule hakuwepo?"

Nikamwambia hakuwepo, mwandishi kamtunga tu. Kimya kidogo, alaf akauliza, "Sasa na Mkwawa je?"

Hilo la pili ndo lilinitoa jasho, manake mtoto akishagundua mmoja ni wa kutunga anaanza kuwashuku wote, na wala hana kosa, kitabu hakikumwambia popote kweli inaishia wapi na chumvi inaanzia wapi. Tangu siku ile nikiingia duka la vitabu nasoma kurasa za mwisho kabla ya za mwanzo, wauzaji wananiangalia kama mwizi, na nimeishia kuzigawa hizi stori mafungu matatu. Nayaweka hapa yakae pamoja, kwa mzazi au shangazi au mwalimu aliyesimama mbele ya shelfu na bajeti ya kitabu kimoja.

Ili tusibishane hewani nachukua tukio moja nalipika mara tatu. Tukio ni kuanguka kwa ngome ya Kalenga, 30 Oktoba 1894. Yanayojulikana ni haya: tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo Wahehe, watu wa mtwa (chifu) Mkwawa, waliuvizia msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski, yule aliyebandikwa jina la Nyundo, wakaumaliza karibu wote na yeye mwenyewe akafa hapohapo. Wajerumani wakakaa na hasira yao miaka mitatu, wakarudi na Gavana von Schele na mizinga, wakaivunja Kalenga. Mkwawa akatoroka, akaendelea kuwasumbua kwa vita vya porini karibu miaka minne mingine, mpaka 19 Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi ili wasimkamate hai. Hiyo ndo mifupa ya stori. Nyama inatoka wapi sasa, hapo ndo vitabu vinapoachana njia.

Fungu la kwanza, mtoto wa kubuni ndani ya tukio la kweli

Hiki nimekiandika mwenyewe kama mfano, usikitafute dukani:

"Bibi alinikabidhi mbuzi akasema nimzibe mdomo asilie. Kila mzinga ukilia, vumbi la ukuta linaanguka kwenye chungu cha togwa, na mimi badala ya kuogopa nikawa nawaza togwa yote hii nani atainywa na michanga yake. Mama alikuwa hajarudi kutoka mtoni."

Hapo hakuna hata kitu kimoja chenye ushahidi. Bibi wa kutunga, mbuzi wa kutunga, togwa ya kutunga. Lakini angalia pia kwamba hakuna aliyesingiziwa. Walioandika habari za vita ile wengi wao ni waliokuwa nje ya ukuta wakipiga, maafisa wa kijeshi na ripoti zao, akiwemo Tom von Prince, na baadae hata mke wake Magdalene ambaye maisha yao ya Iringa aliyatoa kitabu huko kwao Ujerumani. Ndani ya ukuta, kwa wale wamama na watoto, nani alikuwa ameshika kalamu? Mwandishi anayeingia humo anapita kwenye mlango ambao historia yenyewe iliuacha wazi, na mimi kwa hilo siwezi kumlaumu, ndo kazi yake.

Faida ya fungu hili mtoto anashikika haraka. Wangu mimi kitabu cha historia cha shule anakifungua kama anameza kwinini, lakini stori ya mtoto mwenzie mwenye mbuzi aliimaliza kwa siku mbili na akaniuliza maswali ambayo mwalimu hakuwahi kuulizwa, kama vile wakati wa vita watu walikuwa wanaenda haja wapi. Sikumjibu lakini nilifurahi.

Hasara yake ndo ile iliyotukuta. Na hapa nina jambo ambalo lilinichukua muda kuliona. Mimi nilidhani mtoto atadanganyika na vitu vya ajabu, kumbe anadanganyika na vitu vya kawaida. Nilimpeleka Kalenga likizo, si mbali na Iringa mjini, kuna kale kamakumbusho. Fuvu la Mkwawa liko mle ndani kwenye kioo. Akasimama mbele yake, mikono nyuma, hasemi. Nikaanza kumsimulia kwamba baada ya kufa walimkata kichwa, kikapelekwa Ujerumani, alaf vita kuu ya kwanza ilipoisha, mwaka 1919, wakubwa wa dunia walipokaa kuandika mkataba wa amani kule Versailles, kile cha kumaliza vita ya mamilioni ya watu, wakaweka kifungu namba 246 kinachosema Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa. Na kwenye kifungu hichohicho, sentensi ya juu yake, irudishe Kurani ya Khalifa Uthman. Alaf halikurudi. Likakaa mpaka 1953, gavana Mwingereza anaitwa Twining akaenda makumbusho ya Bremen akakuta rundo la mafuvu, akachagua kwa kulinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, likaletwa 1954 kwa sherehe, akakabidhiwa mjukuu wake Chifu Adam Sapi, ambaye baadae ndo akawa Spika wa Bunge.

Dogo akanigeukia na uso wa huruma kabisa. "Mjomba, hapo umeongeza chumvi."

Yani togwa aliiamini, mkataba wa Versailles akaukataa. Kasichana ka kutunga alikapa nafasi kwenye mtihani kwa sababu kalikuwa kanachota maji na kuchomwa na miiba kama yeye, na lile fuvu ambalo lipo mbele yake kwenye kioo akaona ni stori ya mjomba. Kwa hiyo ukichagua fungu hili jua kwamba chumvi imejificha jikoni, kwenye maji na kuni na mbuzi, na hapo ndo inabidi umwoneshe mtoto kwa kidole.

Dawa yake ni ndogo na wachapishaji wengi wanaiona kama kupoteza karatasi: ukurasa mmoja mwishoni unaosema fulani alikuwepo, fulani nimemtunga, tarehe hii ni ya kweli, ile safari nimeifupisha. Ukurasa mmoja tu. Kitabu changu hakikuwa nao, kilikuwa na tangazo la vitabu vingine.

Fungu la pili, shujaa mwenyewe ndo anaongea

Tukio lilelile, mkono mwingine:

"Mkwawa alisimama juu ya ukuta, akaitazama mizinga ya adui. Moyoni akasema: nchi hii ni ya wajukuu zangu, sitaiacha hata nikibaki peke yangu. Akawageukia majemadari wake, akawaambia kwa sauti kuu, ndugu zangu, uhuru hauombwi!"

Ukisoma haraka inasisimua, nakubali, nywele zinasimama. Sasa soma tena. Moyoni alisema, nani alimsikia moyoni? Na hilo la uhuru hauombwi, hivi ndivyo mtwa wa Wahehe alivyoongea mwaka 1894 au ndivyo walivyoongea wanasiasa wa TANU kwenye mkutano wa hadhara miaka ya hamsini? Vitabu vingi vya fungu hili tarehe zake ziko sawa, majina sawa, mahali sawa, mtoto akinakili kwenye mtihani anapata vema, na ndo maana walimu wanavipenda. Ila mdomo wa shujaa umeazimwa. Chumvi ya humu haiko jikoni, iko kwenye hotuba.

Kuna lingine linaniudhi zaidi ya hotuba, ni yale yanayoachwa. Kwenye stori za shujaa ni sisi huku, Wajerumani kule, basi. Wakati ukweli ni kwamba askari wengi waliokuwa chini ya Wajerumani walikuwa Waafrika, na Merere wa Usangu, jirani aliyekuwa amefukuzwa kwake na Wahehe, alikaa upande wa Wajerumani akarudishiwa nchi yake. Ukimweleza mtoto hilo stori haiharibiki, inanoga, manake anaanza kuuliza kwa nini mtu amsaidie mgeni dhidi ya jirani yake, na jibu lake ni historia nzima ya Nyanda za Juu Kusini kabla Mjerumani hajafika. Lakini mwandishi anayetaka shujaa msafi hawezi kuliweka, atalifutia wapi.

Na cha kushangaza hao waandishi wanaacha hata zawadi. Inasimuliwa kwamba aliyemchoma mkuki Zelewski pale Lugalo alikuwa kijana mdogo, miaka kama kumi na sita hivi, Zelewski akiwa juu ya punda wake na bastola mkononi, na kijana akazawadiwa ng'ombe watatu. Mtu anatafuta shujaa mtoto, historia imemletea mpaka mlangoni, yeye anaenda kutunga kasichana ka kupeleka barua kwenye ngome ambayo watu wenyewe walikuwa hawaandikiani barua!

Fungu hili likifanywa na mtu anayejua anachofanya linatoa kazi kubwa kuliko yote, sikatai. Mfano ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969. Mwaka mmoja kabla, 1968, wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar walikuwa wametawanyika vijijini kusini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanakumbuka Maji Maji, kwa hiyo kumbukumbu zilikuwa mbichi mezani. Kinjikitile wa historia alikuwa mganga wa Ngarambe, Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, siku chache tu baada ya Wamatumbi kule Nandete kung'oa pamba na vita kuanza. Alichokisema kabla ya kunyongwa, alivyojihisi, kama alikuwa na mashaka na yale maji, hivyo Hussein kavijaza mwenyewe, na kwenye utangulizi kakuambia wazi kwamba huyu wa jukwaani si yule wa historia. Umeona hapo? Kakuambia. Alaf shujaa wake hajampa hotuba za ushindi, kampa mashaka, anaogopa kile alichokianzisha mwenyewe. Ila hii ni ya sekondari, usimpe wa darasa la tano, atabaki na swali moja tu kwamba wazee wetu walikuwa wajinga kuamini maji yanazuia risasi, na hilo swali linataka mtu mzima wa kukaa naye.

Hapohapo kwenye mashujaa kuna rangi ya tatu ambayo watu wanaisahau. Si kweli ya kwenye hati, si uongo wa mwandishi, ni simulizi. Mekatilili wa Menza wa Wagiriama, 1913, afisa Mwingereza Arthur Champion anataka vijana, mama anakuja mkutanoni na kuku na vifaranga vyake, anamwambia haya chukua kifaranga kimoja, afisa anainama, kuku anamdonoa, mama anamwambia hivyo ndivyo utakavyokutana na sisi ukiwagusa watoto wetu. Kila mtu Pwani kaisikia kwa namna yake, wengine kuku alipigwa risasi, wengine Champion alipigwa kofi kabisa. Kitabu cha mtoto kikiiacha hiyo ya kuku kitakuwa kimekosa ladha, kiiweke, lakini kiseme "inasimuliwa", neno moja tu hilo linatosha.

Na tena mchezo uleule: mwambie mtoto ya kuku, ataamini. Mwambie kwamba mwanamke yule, mtu mzima, alikamatwa Oktoba 1913 akapelekwa uhamishoni Kisii na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, yani upande wa pili kabisa wa Kenya, na mwaka uliofuata wakatoroka wakarudi kwao Pwani, atakwambia haiwezekani hakukuwa na basi. Ndo hivyo, hakukuwa na basi.

Fungu la tatu, nchi isiyokuwepo

"Katika nchi ya Milima Saba palikuwa na mfalme aliyejenga ukuta wa mawe. Wageni wenye ngozi ya maziwa walikuja na radi zilizofungwa kwenye chuma."

Humu hakuna anayeweza kukukamata. Hakuna tarehe, hakuna Schele, hakuna Iringa. Mwandishi yuko huru kama ndege na mtoto mdogo kabisa anaweza kuisikiliza kabla ya kulala, radi kwenye chuma anaielewa vizuri kuliko mzinga. Lakini kwa Kalenga mimi naona ni hasara tupu, unatupa Lugalo, unatupa fuvu, unatupa kifungu 246, unabaki na ngano, na ngano tunazo tayari nzuri zaidi.

Mahali ambapo fungu hili linastahili heshima ni kwenye mambo yanayouma bado. Vita vya kikabila, machafuko ya uchaguzi, mambo ambayo waliochoma nyumba na waliochomewa wanakutana sokoni mpaka leo. Hapo ukiandika majina halisi kitabu kinakuwa kesi, na mtoto anaanza kuhesabu huyu kabila gani na mimi kabila gani. Ken Walibora kwenye Kufa Kuzikana ya 2003 kaiweka stori ya chuki za kikabila kwenye nchi ya Kiwachema ambayo haipo kwenye ramani yoyote, na kila Mkenya anayesoma anajua anaposoma ni wapi. Anajua lakini hawezi kunyoosha kidole kwa jirani. Kwa kijana wa sekondari hiyo ni njia nzuri kuliko orodha ya waliouawa. Sitaongeza sana hapa, kwa mtoto wa msingi fungu hili silinunui kwa ajili ya historia, nanunua kwa ajili ya usingizi.

Kidogo kuhusu vile vitabu "vya kweli tupu"

Kuna mzazi ataniambia basi yote ya nini, mpe cha kweli tupu. Sawa, lakini kweli nayo ina upande. Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, 1934, ulisomwa mashuleni miaka na miaka kama habari za kweli, na kwa sehemu kubwa ni za kweli, mwandishi mwenyewe ni mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa akakombolewa, jamii ya Freretown pale Mombasa. Lakini Mwingereza humo ni malaika na Mwarabu ni shetani, na mtoto aliyekulia kwenye kitabu kile peke yake ametoka na historia iliyopinda bila mhusika hata mmoja wa kutungwa. Kwa hiyo kisikutishe kitabu chenye kubuni, wala kisikulaze usingizi kisichokuwa nayo.

Unavyopima pale dukani kabla hujatoa pesa

Mimi nafanya hivi, na inachukua dakika kama tano muuzaji akiwa mvumilivu. Kwanza mwisho wa kitabu, au utangulizi, natafuta ule ukurasa wa kuungama. Ukikosekana sikirudishi hapohapo ila nakuwa na shaka. Alaf nafungua katikati natafuta mtu wa kweli anapoongea, kama anaongea nusu ukurasa na anatabiri uhuru wa 1961, nakirudisha. Baada ya hapo naangalia vitu vidogo, pesa, nguo, chakula, wanyama, manake mwandishi aliyehangaika na vitu vidogo mara nyingi kahangaika na vikubwa pia.

Pesa ndo inawakamata wengi. Nimeshika kitabu cha vita vya Maji Maji watu wanadaiwa kodi kwa shilingi. Shilingi ya Afrika Mashariki imeanza 1921, wakati wa Maji Maji ni rupia, kodi ya nyumba rupia tatu. Na kuna moja tamu zaidi, mhusika wa Kalenga 1894 anasema "sina hela". Hela! Neno lenyewe ni la Kijerumani, ile sarafu ya Heller waliyoileta 1904, miaka kumi baada ya ngome kuanguka. Shule pia ni yao. Sasa hapa kuwa na kiasi, msimuliaji akisema hela mimi simkamati, anaongea na mtoto wa leo, na hata hivyo Wahehe wale walikuwa wanaongea Kihehe kwa hiyo kila neno la Kiswahili kwenye mdomo wao ni la mwandishi, tusijifanye hatujui. Lakini ikiwa kwenye mdomo wa mhusika, tena mhusika anayemchukia Mjerumani, alaf analipia kwa neno la Mjerumani, mimi nacheka mwenyewe dukani.

Nguo, angalia kanga. Mama wa 1890 amevaa kanga yenye methali kwa herufi hizi tunazosomea sasa, hapana, maneno ya mwanzo ya kwenye kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wanyama, angalia ng'ombe. Miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilipita Afrika Mashariki ikamaliza ng'ombe vibaya sana, kwa hiyo stori ya miaka hiyo ambayo kila boma limejaa mifugo na hakuna hata mzee mmoja anayelalamika, mwandishi hakusoma. Chakula, ulizia mwenyeji. Kuna hadithi niliisoma watu wa Iringa wanakunywa ulanzi (pombe ya mianzi) mbichi mwezi wa kumi katikati ya kiangazi, na ulanzi unagemwa mvua zikiwepo, hilo huhitaji maktaba, mpigie tu mtu wa Njombe.

Vya katuni sivisemi sana, ila jua kwamba mchoraji hana pa kujificha. Mwandishi anaweza kusema "askari walikuja" akapita, mchoraji lazima aamue kofia gani, bunduki gani, amevaa viatu au hana. Ukiona Wahehe wamechorwa na ngao za Kizulu za kwenye filamu, weka chini.

Sasa uchukue ipi

Mtoto wa miaka tisa mpaka kumi na mbili, chukua fungu la kwanza, lenye mtoto wa kubuni, hata baada ya ile aibu ya mtihani bado nasimama hapo, kwa sababu ndo fungu pekee ambalo mtoto wangu alilimaliza bila kusukumwa, na kosa lake linarekebishika kwa mazungumzo ya jioni moja. La pili linarekebishika kwa shida, mtoto akishakariri hotuba ya shujaa anaenda nayo mpaka chuo. Akifika kidato cha pili, cha tatu, mpe la pili lakini lile lenye mashaka ndani yake, shujaa anayekosea, shujaa mwenye majirani wasiompenda. La tatu mpe ukiwa unataka kuongea naye mambo ya juzijuzi ambayo nyumbani kwenu hamyataji kwa majina. Mwalimu anayetaka cha darasani achukue kimoja cha kwanza na kurasa chache za kitabu cha historia cha kawaida, avisome sambamba, awaulize watoto wenyewe nani kati ya hawa alizaliwa kweli. Watagombana. Waache wagombane.

Sisi tumeweka utaratibu wa penseli. Akisoma anaweka K pembeni kwa anachodhani ni kweli na T kwa anachodhani kimetungwa, alaf nikija tunakagua pamoja, mara nyingine tunagugo, mara nyingine tunampigia babu yake mkubwa Iringa ambaye anafurahi kupigiwa. Kile kitabu cha kasichana amekirudia chote. Kasichana kamepigwa T kila ukurasa, kwa hasira kabisa, penseli imetoboa karatasi. Kwenye ukurasa wa mizinga kaweka K na tarehe. Na nyuma kabisa, pale kwenye tangazo la vitabu vingine, amechora fuvu, pembeni yake ameandika K, akaifuta, akaandika tena K.